Tuandikieni Hilo

Mwajiri anayejua kazi yake hangoji siku ya kukaa mezani. Mezani kuna muhtasari unaoandikwa, kuna afisa wa chama cha wafanyakazi kutoka mkoani aliyezeekea katika mambo hayo, na kuna Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inayozitaka pande zote mbili zijadiliane kwa nia njema. Kwenye korido hakuna hata kimoja kati ya hivyo. Kwa hiyo vitisho hutangulia, wiki kadhaa kabla ya kikao cha kwanza, na karibu vyote huja kwa mdomo.

Niliyaona hayo nikiwa katibu wa tawi katika kiwanda cha mifuko ya sandarusi kando ya Barabara ya Nyerere, Dar es Salaam, ile ambayo wazee wetu hawakuacha kuiita Pugu Road. Ilikuwa 2014. Mkataba wetu wa hali bora ulikuwa unakaribia kwisha. Mwaka uliotangulia, Amri ya Mishahara ilikuwa imepandisha kima cha chini cha viwandani hadi shilingi 115,000 kwa mwezi, na menejimenti ilikuwa bado inalalamika kwamba serikali imewamaliza. Sisi tulikuwa tumeandaa mapendekezo ya nyongeza ya mshahara, usafiri kwa shifti ya usiku, na kiinua mgongo. Hilo la mwisho ndilo lililowauma zaidi. Sheria inampa anayeachishwa kazi mshahara wa siku 7 kwa kila mwaka alioutumikia, lakini hesabu inakomea miaka 10. Mama aliyeshona mifuko miaka 20 anaondoka na kiasi kile kile cha aliyeshona 10. Tulitaka siku ziongezwe na ukomo ule uondolewe.

Kabla hata barua ya kupanga tarehe ya kikao haijajibiwa, yalikuja makasha. Tuliingia shifti ya asubuhi tukakuta makasha matupu ya mbao yamepangwa kando ya mashine za kusokota, yale makubwa ya kusafirishia mitambo. Hakuna kiongozi aliyesema neno. Kufika mchana kiwanda kizima kilikuwa kinajua kwamba mashine zinahamishiwa Uganda. Jioni zilikuwa zinakwenda Ethiopia. Lisemwalo lipo, watu walinong'ona kwenye daladala, kama halipo linakuja.

Likafuata la getini. Vibarua wa kutwa, deiwaka kama wanavyojiita, walikuwa na kawaida ya kuingizwa mapema kwa mlango mdogo. Ghafla wakaanza kuachwa nje, wamepangwa mstari ukutani, hadi sisi wa ajira ya kudumu tufike na kupita mbele yao. Supavaiza alikuwa akiwahesabu kwa sauti. Hakuhitaji kuongeza kitu. Hofu hiyo ya getini ina umri mrefu katika mji wetu. Makuli wa bandari ya Dar es Salaam walichukuliwa kwa kibarua cha siku, na kila mmoja alijua kwamba nje kuna mwingine anayeingojea nafasi yake. Pamoja na hayo, mwaka 1947 waligoma, mgomo ukaifuata reli ya kati hadi bara, na mishahara yao ikapandishwa. Nilikuwa nikiwasimulia vijana habari hiyo, ili wajue kwamba mstari wa ukutani ni mbinu ya zamani na kwamba wapo waliowahi kusimama pale pale penye hofu wakashinda.

Lililoniuma kuliko yote lilitokea kwenye mashine iliyokuwa jirani na yangu. Supavaiza alikuja akaegemeza mkono kwenye meza ya mama mmoja ambaye tangu nimjue sikuwahi kumwona akisemeshwa isipokuwa kwa kuhimizwa. "Mama," akamwambia kwa upole, "yule wako wa kidato cha nne anaendeleaje? Ada umeshamaliza?" Mama akajibu kwamba bado kidogo. "Basi mwaka huu usiwe mwepesi wa kusaini saini. Kuna majina yanaangaliwa." Akampigapiga begani akaondoka. Mama aliendelea kushona bila kuinua macho, lakini pindo la mfuko lilikwenda upande. Mshono wa mifuko ile ukipata mwanzo wa uzi unafumuka wote kwa mvuto mmoja. Aliuvuta, akakunja upya, akashona, ukaenda upande tena. Hata leo nikisikia mtu akisema kwamba wafanyakazi wanaotishika ni wepesi wa roho, namkumbuka mama yule na ninakasirika. Aliyetishwa hapo alikuwa mtoto wake wa kidato cha nne, na mama alilielewa hilo vizuri kabisa.

Watu wa nje hawajui uzito wa maneno "kiwanda kitafungwa" kwa mtu wa Dar es Salaam. Miaka ya 1990 ya ubinafsishaji ilipita na viwanda vingi. Kiltex na Sunguratex hapa Dar es Salaam, Mwatex ya Mwanza, Mutex ya Musoma: majina hayo tuliyasikia kwa baba, shangazi au mjomba aliyekuwa na ajira huko kabla mashine hazijanyamaza. Kitisho cha kufunga kiwanda hakihitaji ushahidi mahali ambapo kila ukoo una mtu aliyerudi nyumbani na barua.

Nilipokuwa najiandaa kuitisha mkutano wa wanachama, nilikuwa na hotuba kichwani ya kuwaambia kwamba huo ni uongo mtupu, kiwanda hakifungwi ng'o. Nilimwonjesha kwanza fundi wetu wa mitambo, mzee ambaye alianza kazi enzi za JUWATA, chama cha wafanyakazi kilipokuwa jumuiya ya CCM na mwenyekiti wa tawi akiitwa ofisini kupewa ujumbe wa kuwapelekea watu. Alinisikiliza hadi mwisho.

"Mwanangu, usiwaambie watu kiwanda hakifungwi. Mimi nimeshafungiwa. Waambie kikifungwa kinafungwaje."

Maneno hayo yaliyageuza maandalizi yetu yote, na ninaamini hadi leo kwamba hapo ndipo penye kiini cha jambo lenyewe. Kiongozi wa tawi anayejibu kitisho kwa ahadi anashindana na mwajiri katika kitu asichokuwa nacho. Mwajiri ndiye mwenye funguo; akiapa kwamba atafunga na wewe ukiapa kwamba hatafunga, mfanyakazi mwenye watoto atamwamini mwenye funguo. Lakini ukimwambia mfanyakazi mambo kama yalivyo, pamoja na yale yanayotisha kweli, anabaki na kitu cha kushika.

Tulikutana kwa mama lishe ng'ambo ya reli, baada ya shifti. Sheria inaruhusu tawi lenye wanachama zaidi ya 100 liwe na wawakilishi 15, na inataka wawepo wa kuwawakilisha wanawake. Tulikuwa tumeijaza idadi hiyo, wengi wao wakiwa akina mama wa kitengo cha kushona. Nilikuja na kaunta buku. Kila mmoja akataja alichosikia, kimesemwa na nani, wapi, na mbele ya nani. Hatukubishana kama ni kweli au si kweli, tuliandika tu. Kurasa zilipojaa kidogo, mwakilishi wa kitengo cha kuchapa nembo akaniomba nisome tena kuanzia juu, na hapo ndipo watu walipoanza kutazamana. Sentensi ya "kuna majina yanaangaliwa" ilikuwa imetamkwa na masupavaiza wa vitengo tofauti, kwa maneno yale yale, ndani ya wiki moja. Ile ya ada ya shule vilevile. Kila mtu alikuwa ameibeba peke yake akidhani ameonywa kwa siri na mtu anayemtakia mema.

Mzee fundi naye alikuwa na lake. Alikuwa ameyazunguka yale makasha na kusoma maandishi ya ubavuni. Mwisho wa safari ulioandikwa ulikuwa Dar es Salaam. Yalikuwa makasha yaliyoleta mashine, yaliyotolewa stoo yakapangwa pale ili yaonekane.

Jioni ile tulifanya pia kitu ambacho ningemshauri kila tawi likifanye mapema kuliko tulivyofanya sisi: tulikaa tukabuni watakachofanya baadaye. Wataita mtu mmoja mmoja na kuuliza nani aliandika mapendekezo. Zitazuka barua za kujitoa chamani. Halafu, wakiona bado tumesimama, kitakuja kitu kitamu. Wawakilishi wakayapeleka hayo kwa watu wao kabla hayajatokea. Sijaona kinachopunguza nguvu ya kitisho kama mtu kukisikia kwanza kutoka kwa mwenzake. Afisa utumishi alipoanza kuita watu, waliotoka ofisini walikuwa wanacheka, kwa sababu swali waliloulizwa walikuwa wamelisikia kwa mama lishe.

Jibu tulilokubaliana lilikuwa moja, fupi, na la heshima, ambalo hata mtu mwoga angeweza kulitamka bila kuonekana mkorofi: "Naomba hilo tuandikiwe, bosi, tukalisome vizuri." Supavaiza akisema mashine zinaondoka, tunaomba aandike. Meneja akidokeza kwamba watu watapunguzwa, tunaomba aandike. Nguvu ya ombi hilo inatoka katika kifungu cha 38 cha sheria. Mwajiri anayekusudia kupunguza wafanyakazi kwa sababu za uendeshaji anatakiwa atoe taarifa ya kusudio mapema, aeleze sababu, na ashauriane na chama kinachotambuliwa juu ya njia za kuepuka au kupunguza madhara, namna ya kuwachagua watakaoondoka, na malipo yao. Kikishawekwa kwenye karatasi, kitisho kinageuka mchakato wenye masharti, na sisi tunakuwa na kiti ndani yake. Ndiyo maana hakuna hata mmoja aliyeandika.

Tawi nalo likaandika barua yake. Kifungu cha 70 kinamtaka mwajiri akipe chama kinachotambuliwa taarifa kinazohitaji ili kijadiliane ipasavyo. Kama hali ni mbaya kiasi hicho, tulisema, tuonyesheni: oda za mwaka, gharama za umeme na malighafi, jumla ya mishahara, na mipango yoyote ya kuhamisha mitambo. Majibu yalichelewa, na yalipokuja yalikuwa ukurasa mmoja. Yalisema soko ni gumu na mifuko ya bei rahisi inaingia kutoka nje. Uganda haikutajwa, Ethiopia haikutajwa, wala kufunga. Tulitoa nakala, tukaisoma kwa kila shifti, polepole, mara mbili. Wengi walikuwa hawajawahi kuona barua ya mwajiri inayojibu swali lao. Uvumi wa kuhama ulikufa siku hiyo, na uliuawa na sahihi ya mwajiri mwenyewe.

Nisieleweke kwamba tuliwaambia watu hakuna hatari. Tuliwaambia kwamba kumwachisha mtu kazi kwa sababu ya uanachama wake ni kosa kisheria, kwamba mzigo wa kuthibitisha kuwa sababu ni halali uko kwa mwajiri, na kwamba akishindwa anaweza kuamriwa kumrudisha mtu kazini au kumlipa fidia ambayo wakati ule haikuruhusiwa kupungua mishahara ya miezi 12. Tukawaambia pia yale machungu. Mgogoro wa kuachishwa kazi unapelekwa Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, CMA, ndani ya siku 30, na wapo watu wengi wenye haki zao wazi waliozipoteza kwa kungoja huruma ya bosi hadi siku zikapita. Mwenye chini ya miezi 6 kazini hana kinga hiyo. Na lile la mifuko ya nje lilikuwa kweli. Yeyote aliyekwenda sokoni Kariakoo aliiona. Mwanachama akigundua umemficha jambo moja la kweli, hatakuamini kwa mengine yote, na mwajiri atalitumia hilo dhidi yako kwa miaka.

Kitu kitamu kilikuja karibu na Idd: mchele na sukari kwa kila mfanyakazi, na hotuba kwamba sisi ni familia moja na familia haihitaji watu wa kati. Vijana wawili watatu walitaka tususie. Akina mama wakakataa, na walikuwa na haki. Tulipokea, tukashukuru kwa adabu, tukapeleka nyumbani. Wawakilishi walikuwa wameshawaambia watu kwamba mchele haumo kwenye mkataba, na mwaka kesho usipoletwa hakuna mahali pa kuudai.

Barua za kujitoa ndizo zilizotutoa jasho. Sheria inampa mfanyakazi haki ya kufuta idhini ya makato ya chama kwa notisi ya mwezi mmoja, na hiyo ni haki ya kweli ambayo sitaki kuibeza. Lakini barua zilizotufikia zilikuwa zimechapwa kwa kompyuta moja, na zote zilikosea jina la chama kwa namna ile ile. Aliyezichapa alikuwa anahesabu. Chama kinatambuliwa kwa kuwa na wanachama walio wengi. Wakipungua chini ya nusu, utambuzi wenyewe unaweza kupingwa, na hapo hakuna haja ya kujadiliana na mtu. Baadhi ya wenzetu walitaka majina ya waliosaini yabandikwe ukutani, waitwe wasaliti. Nilipinga kwa nguvu zangu zote. Mtu aliyesaini kwa hofu ukimwita msaliti mbele ya watu umemkabidhi kwa mwajiri moja kwa moja. Tuliwafuata majumbani, Vingunguti, Kipawa, Buguruni, mtu na mwakilishi anayemfahamu, tukakaa kwenye mkeka, tukauliza nani alikuletea barua na alikwambia nini. Hatukumwomba mtu abadili uamuzi siku hiyo. Wengine walirudi kujaza upya fomu ya makato, TUF 6. Wengine hawakurudi, na tuliendelea kusalimiana nao kama kawaida.

Kulikuwa na shinikizo la upande wa pili pia, na naona halizungumzwi vya kutosha. Hofu ikizidi, vijana hutaka kugoma kesho asubuhi. Lakini mgomo wa kudai maslahi una ngazi zake: mgogoro upelekwe CMA, upatanishi ushindikane, wanachama wapige kura, mwajiri apewe notisi ya saa 48. Ukizipitia ngazi hizo, sheria inamkataza mwajiri kuwaleta vibarua wa getini kushika mashine zenu. Ukizirukia, umemrahisishia kazi ya kuwafukuza wale wale aliokuwa anawatafutia sababu. Nimekuja kuamini kwamba baadhi ya vitisho hutolewa kwa makusudi hayo, kuwachokoza watu watoke nje kabla ya wakati. Mzee fundi ndiye aliyewatuliza vijana, mimi wasingenisikia.

Tulipokaa mezani hatimaye, menejimenti ilikuwa na watu wale wale, lakini hakuna aliyezungumzia kuhama. Nyongeza ya mshahara ilikuwa ndogo kuliko tulivyoomba. Usafiri wa usiku tulipata, basi moja kutoka getini hadi Gongo la Mboto na jingine hadi Buguruni. Kiinua mgongo kiliongezwa siku, na ukomo wa miaka 10 ukaondolewa kwa waliokwisha kuwa kazini. Kwa walioajiriwa baadaye ulibaki, na hapo tulishindwa wazi, kwa sababu wanaokuja kesho hawana mtu wa kuwasemea kwa uchungu ule ule leo.

Mwaka uliofuata kazi ya kufungasha ikatolewa kwa wakala, na deiwaka wengi wa getini wakawa watu wake, kwa mikataba ya miezi mitatu mitatu. Mwajiri wao kwenye makaratasi sasa alikuwa wakala, kwa hiyo mkataba wetu haukuwagusa. Mama wa mashine ya jirani, ambaye mtoto wake alikuwa ameshamaliza kidato cha nne, alijitolea kuwa mmoja wa waliowapelekea fomu. Walipofika zaidi ya nusu, chama kikamwandikia wakala kuomba kutambuliwa, na kabla ya wiki kwisha msimamizi wao alikuwa ameanza kuwauliza mmoja mmoja habari za ada za watoto. Wakamwomba awaandikie.